Akiba Haiozi: Maisha ya Nikolai Vavilov, Mtafuta Mbegu

Kila mwaka katika gazeti letu hili tunasoma maisha ya watu mashuhuri, na mara nyingi huwa ni wapigania uhuru, washairi au wafalme. Mwaka huu nimeonelea nibadilishe kidogo. Nataka niwasimulie habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Kazi yake ilikuwa kukusanya mbegu. Ndiyo, mbegu! Ngano, mahindi, viazi, maharagwe. Mtu huyu alitaka kuiondoa njaa duniani, na mwishowe njaa hiyo hiyo ikamwua yeye mwenyewe, tena gerezani. Jina lake ni Nikolai Ivanovich Vavilov, Mrusi.

Nilianza kumtafuta kwa sababu ya ubishi wa foleni ya githeri. Mmoja wetu alisema mahindi ni chakula chetu tangu jadi, mwingine akasema la, Wareno ndio waliyaleta pwani. Mimi nikauliza la tatu: na kabla ya huyo Mreno, mtu wa kwanza kabisa kulima mahindi alikuwa nani, na aliyatoa wapi? Kimya! Kengele ikalia, tukatawanyika. Lakini swali lilinikaa kichwani, nikalipeleka maktabani, na kila nilipofungua kitabu kuhusu asili ya mimea ya shambani, jina la Vavilov lilinijia mbele. Basi tega sikio.

Vavilov alizaliwa mjini Moscow mwaka 1887. Baba yake alikuwa mtoto wa wakulima maskini wa kijijini, akaenda mjini akiwa mdogo, akafanya biashara mpaka akatajirika. Ijapokuwa nyumbani hapakukosa chakula, mzee huyo hakusahau alikotoka, na watoto walikua wakisikia habari za mavuno kuharibika na vijiji kukosa mkate. Isitoshe, mwaka 1891 Vavilov alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi, Urusi ilipatwa na njaa kubwa iliyoua watu kwa malaki. Mdogo wake, Sergei, aliyezaliwa mwaka huo huo, naye alikuja kuwa mwanasayansi mkubwa wa fizikia. Kumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Baba alitaka mwanawe mkubwa awe mfanyabiashara kama yeye. Kijana akakataa, akaingia chuo cha kilimo cha Moscow. Huko utafiti wake wa kwanza ulihusu konokono waharibifu wa mimea. Msicheke jamani! Kila safari ina hatua ya kwanza. Mnamo 1913 alikwenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, mmoja wa wasomi walioieneza elimu ya urithi, yaani namna tabia za mzazi zinavyopita kwa mtoto, iwe ni mtu, ng'ombe au mbaazi. Vavilov alitaka kujua mbona ngano fulani hupata ugonjwa wa kutu na jirani yake katika shamba lilo hilo haipati. Akaona kwamba kinga hiyo ni urithi. Kwa hivyo, ukitaka ngano isiyougua, sharti kwanza uitafute mbegu yenye kinga popote ilipo, hata kama iko mlimani kwa watu usiowajua.

Hapo ndipo safari zilipoanza. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, alitumwa Uajemi. Askari wa Kirusi waliokuwa huko walikuwa wakila mkate na kuwa kama walevi. Vavilov akachunguza, kumbe ngano yao ilikuwa imechanganyika na mbegu za gugu lenye sumu. Alipomaliza kazi hiyo hakurudi nyumbani moja kwa moja, bali alipanda milima ya Pamir kutafuta mbegu. Njiani alikamatwa na askari wa nchi yake mwenyewe waliomdhania jasusi, kwa kuwa alikuwa na vitabu na daftari za lugha za kigeni. Akaachiliwa, akaendelea.

Katika milima hiyo aliona jambo ambalo mimi limenistaajabisha kuliko yote. Kuna nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, ambayo Warusi hupikia mkate mweusi. Kule chini bondeni rai ilikuwa gugu tu katika shamba la ngano, na wakulima waliichukia. Lakini kadiri alivyopanda juu kwenye baridi, ngano ilizidi kudhoofika na rai ikazidi kushamiri. Alipofika juu kabisa akakuta shamba zima ni rai, na watu wanaila. Kumbe gugu lilimfuata mkulima mpaka mahali ambapo ngano ilishindwa, mkulima akakubali kulivuna! Mimea mingine basi tuliichagua sisi, na mingine ilijileta yenyewe mlangoni.

Hebu nieleze kidogo mmea wa porini hugeukaje kuwa wa shambani. Ngano ya porini ikikomaa, suke lake huvunjika na mbegu kumwagika chini. Kwa mmea hilo ni jema, maana ndivyo unavyojipanda. Lakini mtu anayevuna hupata zile mbegu zilizobaki kwenye suke. Mara moja moja hutokea mmea wenye kasoro, suke lake halivunjiki. Mbegu za mmea huo ndizo nyingi kapuni, na ndizo zinazopandwa msimu ujao. Rudia hivyo vizazi na vizazi, mwisho shamba zima ni la ngano ngumu kumwagika. Mambo haya yalianza miaka 10,000 hivi iliyopita katika nchi za Mashariki ya Karibu, kama Shamu na Uturuki. Mahindi nayo yalitokana na nyasi ya huko Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Nyasi hiyo ina punje chache tu, ngumu kama kokoto. Leo gunzi la mahindi likianguka shambani na kuachwa, punje huota zote pamoja zikasongana na kufa. Yaani mahindi hayawezi kuishi bila sisi, nasi kwa ugali tunaoupenda, tuseme ukweli, hatuwezi bila yao.

Tumrudie mtu wetu. Mwaka 1917 akawa profesa huko Saratov, mji ulioko kando ya mto Volga. Mwaka 1920 alitoa kanuni yake mbele ya wataalamu waliokutana mjini humo. Alisema kwamba mimea iliyo ndugu hufanana katika namna inavyobadilika. Ukiona ngano yenye ndevu na isiyo na ndevu, tazamia pia shayiri yenye ndevu na isiyo nazo. Kwa kanuni hiyo mtu anaweza kujua atafute nini kabla hajakiona. Wakati huo Urusi ilikuwa na serikali mpya ya Kikomunisti, na mnamo 1921 njaa nyingine kubwa ikazuka kando ya Volga. Vavilov alihamia Petrograd, mji ulioitwa Leningrad kuanzia 1924, akaongoza taasisi ya mimea. Hapo akaapa moyoni kukusanya mbegu za dunia nzima mahali pamoja, ili Urusi isilie njaa tena.

Na alizunguka kweli! Afghanistan mwaka 1924. Kati ya 1926 na 1927 akapita Shamu, Palestina, Aljeria, Moroko, Italia na Uhispania. Mwaka 1929 alikwenda Uchina na Japani, 1930 Meksiko, na 1932 nchi za Amerika ya Kusini alikokusanya viazi vya kila rangi. Katika mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, aliona misitu mizima ya matofaa ya porini, akatambua kwamba tofaa lilianzia hapo. Utafiti wa siku hizi umethibitisha kwamba hakukosea.

Jirani zetu wa Ethiopia walimpokea mwaka 1927. Huko alikutana na Ras Tafari, yule aliyekuja kutawazwa mwaka 1930 akaitwa Mfalme Haile Selassie. Vavilov alisafiri na msafara wa nyumbu kutoka Addis Ababa kuelekea kaskazini hadi Eritrea. Alikuta aina za ngano na shayiri ambazo hajapata kuziona popote, pamoja na teff wanayopikia injera. Aliandika kwamba nyanda hizo za juu ni mojawapo ya vitovu vya kilimo duniani. Nasi tunajua sasa kwamba wimbi, hii ya uji wetu wa asubuhi, ilianza kulimwa katika nyanda za juu za upande huu wetu wa Afrika, kati ya Ethiopia na Uganda. Kwa hivyo msidhani kilimo chote kililetwa na wageni.

Jambo moja litawafurahisha wanachama wa chama chetu. Vavilov alijifunza lugha nyingi, na kila alikokwenda alijitahidi kuzungumza na mkulima mwenyewe shambani na sokoni. Aliona kwamba mama anayechagua mbegu za kupanda anajua mambo ambayo hayamo katika vitabu. Walioandamana naye walichoka, maana alilala saa nne au tano tu, alfajiri yuko macho akiwahimiza wenzake.

Mwaka 1926 alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu vitovu vya asili ya mimea inayolimwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mahali mmea ulipo na aina nyingi zaidi, huenda ndipo ulipozaliwa. Baadaye alihesabu vitovu vinane, kuanzia Uchina mpaka milima ya Andes. Wataalamu waliomfuata wamesahihisha baadhi ya mambo. Kwa mfano, ngano ina aina nyingi Ethiopia lakini haikuzaliwa huko, ililetwa kutoka Mashariki ya Karibu zamani sana. Hata hivyo njia aliyoifungua ndiyo wanayopita mpaka leo. Kufikia mwaka 1940, taasisi yake ilikuwa na sampuli za mbegu zipatazo 200,000. Hapakuwa na hazina kama hiyo popote duniani.

Sasa nafika kwenye sehemu ya huzuni. Kulikuwa na kijana aliyeitwa Trofim Lysenko, mtoto wa mkulima kutoka Ukraine. Alijulikana kwa kulowesha mbegu za ngano na kuzipoza kabla ya kuzipanda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ni kweli baridi huharakisha baadhi ya mimea kutoa maua. Lakini Lysenko alivuka mpaka. Alidai kwamba mmea ukizoeshwa hali fulani, hubadilika na watoto wake hurithi mabadiliko hayo, na kwamba elimu ya urithi ni uzushi wa mabepari. Na ni nani aliyemsaidia mwanzoni? Vavilov mwenyewe! Alimsifu na kumpa nafasi, akiamini kwamba kijana wa kijijini anastahili kutiwa moyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kumbukeni hali ya nchi wakati huo. Stalin alikuwa amewalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja, na nafaka yao ikachukuliwa. Mwaka 1932 na 1933 njaa iliua mamilioni ya watu, Ukraine, Kazakhstan na kwingineko. Serikali ilitaka muujiza wa haraka. Vavilov alisema kupata aina mpya ya ngano huchukua miaka 10 au zaidi. Serikali ikaagiza iwe miaka minne. Lysenko akaahidi kufanya upesi zaidi ya hapo. Je, mkubwa mwenye haraka atamsikiliza nani? Sisi husema haraka haraka haina baraka, lakini ukimwambia hivyo mtawala aliyekasirika, unajitafutia makuu.

Wataalamu wa elimu ya urithi wakaanza kukamatwa, mmoja baada ya mwingine, na baadhi yao wakapigwa risasi. Mwaka 1938 Lysenko akawa rais wa Akademia ya Sayansi ya Kilimo, cheo ambacho Vavilov alikuwa nacho hapo awali. Mwaka 1939 wanasayansi wa dunia walikutana Edinburgh, Uskoti, wakiwa wamemchagua Vavilov awe mwenyekiti wao. Hakuruhusiwa kwenda. Angeweza kunyamaza, au kusema kwamba Lysenko ana haki, akakaa na mshahara wake. Hakufanya hivyo. Aliendelea kusema hadharani kwamba jambo lisilo kweli haliwi kweli kwa sababu mkubwa amelipenda.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa katika safari ya kukusanya mimea huko magharibi mwa Ukraine. Gari jeusi likaja, watu wakamwambia anaitwa haraka Moscow. Hakurudi. Wenzake walipofungua mfuko wake usiku ule walikuta mashuke ya ngano ya kale aliyoyaokota siku hiyo hiyo. Alihojiwa kwa miezi kumi na mmoja, akishtakiwa ujasusi na kuharibu kilimo. Mwezi wa Julai 1941 alihukumiwa kifo, na hukumu yenyewe ilitolewa kwa dakika chache tu. Wajerumani walipoikaribia Moscow, wafungwa walihamishiwa Saratov, mji ule ule alioanzia uprofesa. Mwaka 1942 hukumu ilipunguzwa ikawa kifungo cha miaka 20.

Humo gerezani, katika chumba chembamba kilichojaa watu, aliwafundisha wafungwa wenzake habari za mimea. Na sasa sikilizeni hili. Mke wake, Elena Barulina, mtaalamu wa adesi, alikuwa amekimbilia Saratov na mtoto wao Yuri kwa sababu ya vita. Walikaa mji mmoja na gereza lile, na hawakujua! Mama alikuwa akituma vifurushi vya chakula Moscow, akidhani mumewe yuko huko. Chakula kilikwenda mbali, na mwenyewe alikuwa karibu akikondeana. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Tarehe 26 Januari 1943 Vavilov alifariki kwa kukosa chakula, akiwa na umri wa miaka 55.

Na mbegu zake je? Mnamo Septemba 1941 majeshi ya Wajerumani yaliuzingira mji wa Leningrad, na mazingira hayo hayakuondolewa kabisa mpaka tarehe 27 Januari 1944. Mkate wa mgao ulipopungua kabisa, watu wengi walipata gramu 125 kwa siku. Mamia ya maelfu walikufa. Ndani ya taasisi ya Vavilov kulikuwa na tani za mchele, ngano, maharagwe na karanga. Wafanyakazi wake, ambao mkubwa wao alikwisha kuitwa adui wa umma, walizilinda mbegu hizo usiku na mchana, wakifukuza panya. Viazi walivichimba huku mizinga ikilia, kisha wakachoma kila ukuni waliopata ili visigande kwa baridi. Hawakuzila. Wapatao tisa, na wengine husema zaidi, walikufa kwa njaa katikati ya chakula. Alexander Shchukin, mlinzi wa karanga, alifia mezani pake. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mchele, alikufa akiwa amezungukwa na magunia na pakiti za mchele.

Nimejiuliza mara nyingi: mimi ningeweza? Kengele ya chakula ikichelewa dakika kumi hapa shuleni mnajua kelele tunayopiga. Sina hakika ningeweza. Na wapo wanaouliza kama ilifaa watu wafe ili mbegu ziishi. Nami sioni kwamba ni swali la kupuuzwa. Lakini watu wale walijua kwamba vita vitakwisha, na siku ya kupanda ikija, waliobaki watahitaji mbegu. Ukila mbegu umekula na mavuno ya mwakani.

Mwaka 1955 serikali ilikiri kwamba Vavilov hakuwa na hatia. Ndugu yake Sergei, niliyewaambia mlikumbuke jina lake, alifanywa rais wa Akademia ya Sayansi mwaka 1945, akatumikia serikali iliyomwua kaka yake mpaka alipofariki mwaka 1951. Sijui alilalaje usiku. Lysenko alipoteza madaraka mwaka 1965, baada ya kuirudisha nyuma sayansi ya nchi yake kwa miaka mingi. Taasisi ya Leningrad, mji ambao sasa unaitwa St Petersburg, ina jina la Vavilov mpaka leo.

Huenda mwenzangu ukasema hayo ni ya Warusi, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 1998 aina mpya na kali ya ugonjwa wa kutu wa ngano iligunduliwa nchini Uganda, kisha ikaingia Kenya. Ngano nyingi za dunia zilikuwa hazina kinga dhidi yake. Wanasayansi wakaleta maelfu ya aina za ngano kupandwa Njoro, ili waone ni ipi itakayosimama. Hilo ndilo swali lile lile aliloanza nalo Vavilov akiwa kijana. Tena tunayo benki yetu ya mbegu huko Muguga, iliyoanza kazi mwaka 1988, ambayo imehifadhi makumi ya maelfu ya sampuli.

Na hata kabla ya Muguga, nyanya zetu walikuwa na benki zao. Nyanya yangu huweka mbegu za kunde na maharagwe kibuyuni, akazichanganya na jivu ili zisiliwe na wadudu. Zamani niliona ni ushamba, maana dukani mbegu zipo kwenye pakiti za kupendeza. Likizo iliyopita nilimwomba anitajie maharagwe aliyolima akiwa msichana. Akanitajia aina saba. Kibuyuni zimebaki tatu. Nne zimepotea, na hakuna aliyepiga kelele.

Ndugu wasomaji, ombi langu ni moja. Mkifunga shule mwulizeni nyanya au babu ana mbegu gani, zinaitwaje kwa lugha ya kwenu, hupandwa lini, na zinavumilia nini. Andikeni. Chukueni kiganja kimoja mpande. Akiba haiozi, lakini akiba iliyosahauliwa hupotea.

Kwa haya machache nakomea hapa. Mola akitujalia tuonane katika toleo lijalo.